Moto Mmoja, Vyuma Mbalimbali



Mtu anapofiwa, au anapoachishwa kazi, au anapougua muda mrefu, hakosi kuambiwa na mwenziwe kwamba moto husafisha. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, tena yana asili ya heshima, kwa kuwa tangu zamani za kale watu wamejaribu dhahabu kwa moto. Lakini yafaa tujiulize: je, ni kweli kwamba kila apitaye motoni hutoka akiwa bora? Na kama si kweli kwa wote, tuna haki gani ya kumwambia hivyo yule ambaye bado anaungua?

Ili kulifikiri jambo hili tumechagua mfano kutoka kazi ndogo sana, nayo ni kazi ya kutia rangi vipande vya saa kwa moto.

Siku hizi wako watu katika Ulaya, Marekani na Asia wanaojiundia saa za mkono nyumbani. Hununua mashine iliyo tayari, kama ile ya Kijapani iitwayo NH35, ambayo hupiga mara 21,600 kwa saa moja, kisha huchagua wenyewe kasha, uso, kioo na mishale. Wengine hupenda mishale au skrubu ziwe za buluu, si kwa kuzipaka rangi, bali kwa kuzichoma. Ufundi wenyewe ni wa zamani. Abraham-Louis Breguet, aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1747 na kufanya kazi Paris, anakumbukwa hadi leo kwa mishale yake ya chuma cha buluu.

Kipande husuguliwa mpaka king'ae, hufutwa mafuta yote kwa spiriti, na tangu hapo hakiguswi kwa kidole, maana alama ya jasho itaonekana. Huwekwa juu ya chenga za shaba ya manjano ndani ya chombo kidogo, ili joto lienee sawasawa, na chini yake huwashwa taa ya spiriti. Rangi huja kwa zamu: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Buluu ikifika, fundi hukiondoa kipande kwa kibanio mara moja. Akichelewa kidogo rangi hupauka na kuelekea kijivu, naye hana budi kusugua yote na kuanza upya.

Rangi hiyo hutoka wapi, na hakuna aliyeipaka? Oksijeni iliyo hewani hushikamana na chuma chenye joto na kufanya utando mwembamba mno. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na kwa kukutana huko baadhi ya rangi hufifia na nyingine huonekana. Ndivyo yalivyo mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji. Utando ukizidi unene, rangi hubadilika.

Sasa tazameni tofauti. Dhahabu haishikamani na oksijeni hata ikiyeyuka. Kwa hiyo moto waweza kuziondoa takataka za madini mengine yaliyochanganyika nayo na kuiacha yenyewe safi.

Chuma cha pua cha kawaida, kile cha skrubu na springi, kina habari nyingine. Kikichomwa mpaka kiwe chekundu na kutoswa ghafla, huwa kigumu sana, lakini huvunjika kama kigae. Kikipashwa tena polepole hadi kama digrii 300 za Sentigredi, hugeuka buluu, na wakati huo huo ugumu wake hupungua kidogo nacho hupata unyumbufu. Hapa buluu ya juu ni shahidi wa badiliko la ndani. Moto umekifaa kweli.

Kisha kuna chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wetu hukiita stenlesi. Kinga yake ni kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5, aina itumikayo sana, iitwayo 304, ina kama asilimia 18. Kromiamu hiyo hukifanyia chuma ngozi nyembamba isiyoonekana, ambayo ikikwaruzwa hujiponya yenyewe. Stenlesi hukawia kubadilika rangi: manjano hafifu huanza kama digrii 290, na buluu huja kama digrii 540. Lakini aina hii haipati ugumu wowote kwa kuchomwa. Zaidi ya hayo, ili utando wa rangi ufanyike, moto huvuta kromiamu kutoka tabaka la chini yake, na tabaka hilo hubaki na kinga pungufu. Ndiyo sababu wanaolehemu matangi ya maziwa huziondoa rangi za moto kando ya maungio, kwa kusugua au kwa dawa ya asidi, maana wakiziacha kutu yaweza kuanzia hapo.

Basi moto huo huo umefanya kazi tatu. Dhahabu umeisafisha, skrubu umeipa unyumbufu, na stenlesi umeipamba huku ukiidhoofisha. Tena tukiweka mezani skrubu ya buluu na mshale wa stenlesi wa buluu, jicho halitambui kipi kimefaidika na kipi kimepungukiwa.

Kwa wanadamu ni vivyo hivyo. Tunamwona mjane akitabasamu sokoni, tunasema amekuwa imara. Huenda ni kweli. Huenda pia kinga yake imekwisha, na neno moja la kejeli litamwingia mpaka ndani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtu atauliza: je, hawapo waliofaidika kwa shida? Wapo, nao wenyewe waweza kulisema jambo hilo. Lakini neno hilo likitoka kwa asiyeungua hugeuka kuwa mzigo. Aliyedhoofika akiambiwa kwamba shida huimarisha watu, ataona kwamba wengine wote wamefaulu mtihani, isipokuwa yeye. Hapo tumemwongezea aibu juu ya maumivu.

Iko hatari kubwa zaidi, nayo ni ya yule anayeuwasha moto kwa makusudi. Mzazi hupiga, bwana mkubwa hudharau, fundi humtesa mwanafunzi wake, na kila mmoja husema, "Namkomaza." Fundi saa anajua ni chuma cha namna gani kilicho mbele yake, hakiondolei macho hata kidogo, hukitoa kwa wakati wake, na akipitiliza, husugua na kuanza upya. Ni nani kati yetu anayemjua mtoto wa mtu kwa kiasi hicho? Na mtoto hasuguliwi akaanzwa upya.

Hata hivyo hatusemi kwamba kilichodhoofishwa na moto kitupwe. Fundi anayeujua udhaifu wa mshale wake huuweka ndani ya kasha, chini ya kioo, nyuma ya mpira unaozuia maji na jasho. Humo utadumu miaka mingi, na buluu yake itampendeza kila anayetaka kujua ni saa ngapi.

Kwa hiyo deni letu kwa aliyetoka motoni ni kasha kabla ya sifa. Kasha hilo ni karo ya watoto inapopungua, ni chakula mlangoni wakati matanga yamekwisha na wageni wamekwenda zao, ni kukubali kwamba ataweza kulia hata mwaka wa pili bila kuulizwa imekuwaje. Tukienda kumwona, tusitangulize maelezo juu ya moto. Tumuulize anahitaji nini, kisha tukae.