Siku ya 12: Upepo wa tairi na roho unazozibeba



Ndugu zangu, leo nataka tuzungumze kuhusu upepo wa tairi. Najua kuna atakayesema, sheikh, huu ni mwezi wa Qur-ani, habari za gereji za nini? Nazileta kwa sababu kila siku baada ya Alasiri nakaa barazani msikitini naona mnavyopita. Baba kashika usukani, mtoto kasimama mbele yake, mama nyuma kapakata hotipoti ya futari, na tairi la nyuma limelala kama chapati. Na wote mnakimbilia adhana.

Tuanze na hiyo mbio. Ni kweli Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kuharakisha kufuturu, na hadithi yake iko kwa Bukhari na Muslim. Lakini maana yake ni kuwa jua likishazama usicheleweshe bila sababu. Si kuwa uikimbize skuta ili ufike kwa wakwe kabla ya muadhini. Tende moja mfukoni na chupa ndogo ya maji vinatosha, unasimama pembeni ya barabara, unafuturu, unaendelea na safari yako taratibu. Uji utaukuta. Labda sambusa ndiyo zitakuwa zimepungua.

Sasa tairi lenyewe. Skuta, au vespa kama tunavyoziita zote hapa Unguja hata zile zisizokuwa Vespa, ina magurudumu madogo. Ndani ya tairi dogo hamna upepo mwingi, kwa hiyo ukipungua kidogo tu chombo kinabadilika tabia. Na unapungua wenyewe, hata kama hakuna pancha, maana mpira hupitisha hewa kidogo kidogo siku hadi siku. Upepo ukiwa mdogo ubavu wa tairi unajikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakoleta joto. Usukani unakuwa mzito, mafuta yanakwenda zaidi, na ukiingia kwenye kona unahisi nyuma inacheza. Ongeza mzigo wa watu watatu na mwendo wa kuwahi futari, joto linazidi mpaka tairi linaweza kupasuka. Gari likipasuka tairi moja yanabaki matatu. Wewe umebakiwa na moja, na mtoto yuko mbele yako.

Kujaza kupita kiasi nako si dawa. Tairi likivimba linagusa barabara kwa kipande kidogo cha katikati, linadunda kwenye mashimo na linateleza kirahisi kwenye mchanga na mvua.

Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia ngamia aliyekonda mpaka tumbo limeshikana na mgongo. Akawaambia watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema, wawapande wakiwa katika hali nzuri. Sisemi skuta ina haki kama ngamia, haina roho, haisikii njaa. Lakini nayo haisemi. Na waliopanda nyuma yako wana roho, na mara nyingi wao hawajui kabisa hali ya tairi, wamekuamini wewe tu. Hiyo ndiyo amana ninayoizungumzia. Dua ya kupanda kipando tunaisoma, alhamdulillah. Ila yule Bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kwako wewe kufunga ngamia ni kushika kipimo cha upepo.

Na nisisikie mtu anapima kwa kidole gumba! Kidole hakiwezi kutofautisha paundi 20 na 30. Kipimo chenyewe ni kidogo kama kalamu na bei yake si ya kukushinda. Pima tairi likiwa baridi, na wakati mzuri kuliko wote unao tayari: umeshakula daku, umeswali Alfajiri, skuta imelala usiku kucha. Ukipima mchana baada ya safari, joto limeshapandisha upepo, utaona namba kubwa, utoe upepo, kesho asubuhi tairi limelegea. Namba ya kujazia iko kwenye kitabu cha chombo au kwenye karatasi iliyobandikwa na kiwanda. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wake, usijazie hiyo. Kwa skuta nyingi mbele ni paundi 20 na kitu, nyuma ni zaidi ya mbele, na ukibeba mtu nyuma huongezwa tena. Mara moja kwa wiki inatosha. Chukua Ijumaa, kabla ya kukoga.

Neno moja kwa mnaokodisha skuta kwa wageni. Mgeni anakulipa, anaondoka mjini mpaka Paje huko, hajui njia wala hajui chombo. Ukimpa tairi lililoisha ukalijaza upepo asubuhi lionekane zima, hiyo ni ghushi. Mnaijua habari ya yule muuza nafaka sokoni, juu kavu chini imelowa, na Mtume (s.a.w.) alivyomkemea. Mgeni kutokuwa Muislamu hakukuhalalishii kitu.

Jana kuna aliyeniuliza kama vumbi la barabarani linafunguza. Halifunguzi, madhali ni la njiani na haliepukiki. Na kujaza upepo kwa pampu ya mguu hakufunguzi pia, ingawa kutakuchosha, kwa hiyo anayeona uvivu mchana afanye alfajiri nilivyosema.

Pampu ya mguu na kipimo kimoja viko kwa muadhini, kwenye kabati la misahafu, rafu ya chini. Kila anayetaka aje baada ya Alfajiri, ajaze hapo hapo uani, arudishe. Mwaka jana tulikuwa na vipimo viwili.

Kesho inshaallah tutaanza masuala ya Zakatul-Fitri.