Mvua Zikianza, Mlindeni Aliyeacha

Mvua zikishika Iringa, mianzi hugemwa asubuhi na jioni, na pombe yake, ulanzi, haikosekani kwenye kikao cha ukoo wala mbele ya mgeni. Kwa kijana aliyeacha pombe miezi ya kiangazi, msimu huu ndio mtihani. Tena anaweza kuangukia nyumbani kabla hajafika kilabuni, kwa mkono wa mjomba anayemwambia, "Onja kidogo, mwanangu, huu mtogwa haulevyi."

Mtogwa, yaani ulanzi mbichi, ni mtamu, ni kweli, ila ukilala unachacha na kuwa mkali. Na aliyekuwa mraibu hana "kidogo". Mjomba hana nia mbaya, anakirimu kama alivyolelewa. Kwa hiyo baba au mama mwenye nyumba amwahi, amweleze kabla watu hawajakaa. Kijana naye apewe chai au soda pale pale walipo wenzake, bila kutengwa pembeni kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Liko jambo moja linalonikera: kumfungia mlevi chumbani "mpaka pombe imtoke". Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege na kufa. Huyo ni wa kupelekwa hospitali, si wa kupigiwa kufuli.

Si pombe peke yake: huko Mbeya kuna pia shida ya unga, yaani heroini. Jiji liko kwenye barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na unga huo umewanasa vijana wa humo. Tiba ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, sasa inapatikana pia Mbeya. Dawa hiyo inazuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku! Hebu fikiria nauli, na kibarua atakachokosa kwa sababu ya foleni. Ndugu akisindikizwa na mdogo wake wiki za mwanzo, au akilipiwa daladala, huo ni msaada mkubwa kuliko mahubiri ya jioni nzima. Na shangazi asiseme amebadilisha ulevi kwa ulevi, wala asimhimize aache dawa kwa kuwa ameshanenepa. Muda wa kuacha ataupanga daktari.

Kuhusu pesa, msilegee. Mama wengi hulipa deni la kilabuni kwa kuwaonea haya majirani, na aibu hiyo naielewa, lakini muuza pombe akishajua mama analipa, atakopesha tena kesho. Deni alilipe mwenyewe, kwa kibarua chake. Chakula, nguo safi na mahali pa kulala asinyimwe.

Na akirudia? Wengi hurudia. Msimwitie kikao usiku ule ule akiwa amelewa, wala msimkumbushe mbuzi aliyemuuza mwaka juzi. Mwacheni alale. Kukicha apewe uji, kisha mtu anayemwamini amrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo.