Kutazama Bila Kutwaa: Safari Fupi ya Porini kwa Kijana Mkatoliki

Masomo ya kusindikiza: Mwa 3:1-6, Mk 1:12-13, Mk 10:17-22



Vijana wapendwa, kila likizo inapokaribia swali ni lile lile kwenye vikundi vyetu vya TYCS na VIWAWA: safari hii tunakwenda wapi? Wengine wanasema hija. Wengine wanasema twende tukaone wanyama. Halafu hakosekani mmoja, mara nyingi mtu wa sala kwelikweli, anayeuliza: "Jamani, kuangalia simba nako ni mambo ya kiroho?"

Swali lake ni zuri, tusimcheke. Jibu langu ni kwamba inategemea umekwenda na macho gani. Siku moja porini, ukiwa na mwongozaji anayejua kazi yake, inaweza kuwa shule ya jicho. Na jicho ndipo vita yetu vijana inapopiganiwa zaidi, kuliko tunavyopenda kukiri.

Wala usiseme hayo ni mambo ya Wazungu wenye dola. Hapa Tabora mjini kuna bustani ya wanyamapori. Ukitaka pori lenyewe, kusini magharibi kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, yenye viboko na mamba mtoni na miyombo pande zote. Ugalla inataka mjipange kwa gari na mwende kiangazi. Aliye Mwanza anavuka kwa boti dakika chache tu, yuko kisiwa cha Saanane. Aliye Dar es Salaam anafika Mikumi kwa njia ya Morogoro. Wenzetu wa Nairobi wana hifadhi ukingoni mwa jiji lao tangu mwaka 1946. Kwa hiyo wengi wetu tunaweza, hasa tukichanga kikundi kizima.

Lakini kwa sisi wa Tabora kuna jambo la kukumbuka kabla ya kupanda gari.

Tunaishi kwenye barabara ya pembe

Mji wetu ulikua kwa sababu ya misafara. Kutoka Bagamoyo, kupitia Mpwapwa na Kilimatinde, hadi hapa Unyanyembe, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika: hiyo ndiyo njia ya kati. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayoombewa kuwa urithi wa dunia. Na jina lililoandikwa pale halifichi kitu: ni njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu.

Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi huru, watu wa kazi, waliobeba mizigo kwa ujira na kwa fahari. Hilo tusilisahau, ni heshima ya babu zetu. Lakini kwenye njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Zilishuka pwani, zikavuka bahari, na huko mbali zikawa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vitana vya nywele.

Hebu tulia hapo kidogo. Tembo ni mnyama anayeishi miaka 60 hivi, anayejua njia za maji alizoonyeshwa na mama yake. Mfanyabiashara alipomwangalia aliona kitu kimoja tu: pembe. Sehemu nyingine yote ya tembo haikuwepo machoni pake. Na jicho lile lile, lilipogeuka likamwangalia binadamu, nalo liliona kitu kimoja tu: bei.

Msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2009 nchi yetu ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia mwaka 2014 walikuwa kama 43,000. Miaka mitano tu! Misafara ya wapagazi imekwisha zamani, lakini jicho lililoituma bado liko hai.

Kuona, kutamani, kutwaa

Maandiko yanalijua jicho hilo tangu ukurasa wa tatu. Soma Mwanzo 3:6 taratibu. Mwanamke anaona mti, anaona unapendeza, anautamani, anatwaa. Kosa halikuwa kuuona mti wala kuona kwamba ni mzuri. Mungu mwenyewe aliufanya uwe mzuri. Kosa ni ile hatua ya haraka kutoka kwenye uzuri kwenda kwenye mkono, kana kwamba kila kizuri nilichokiona tayari ni changu.

Mpango ni ule ule kwa Daudi, katika 2 Samweli 11. Yuko juu ya dari, anamwona mwanamke anaoga, anatuma watu, anamtwaa. Mwisho wake Uria anakufa. Kuona, kutamani, kutwaa, na kaburi.

Sasa rudi nyuma kidogo, Mwanzo 2. Mungu anamletea Adamu wanyama, na Adamu anawapa majina. Hawapangii bei. Ili umpe kiumbe jina linalomfaa lazima umwangalie kwanza, umsikilize, ujue ni nani. Ndipo mtu alipoanza kutumia akili yake: kwa kuangalia. Aristotle alifundisha kwamba falsafa inaanzia kwenye mshangao. Na Mtakatifu Thomas wa Akwino anaeleza kwa nini Mungu aliumba viumbe wa aina nyingi hivi: wema wake ni mkubwa mno kuonyeshwa na kiumbe mmoja peke yake. Kile ambacho twiga hawezi kukisema kuhusu Mungu, nyuki anakisema. Ukiwaza hivyo, hata ngiri anayekimbia mkia juu ana lake la kutuambia.

Kinachotokea ndani ya gari

Twende sasa porini. Mwongozaji anaanza na masharti. Usishuke kwenye gari ila mahali palipoandaliwa. Usipige kelele. Usimlishe mnyama. Usiokote kitu: si jiwe, si unyoya, si mfupa. Ulichokikuta kiache hapo hapo.

Ukisikiliza vizuri utaona masharti yote hayo ni sharti moja: tazama, lakini usitwae. Ni kama bustani ya Edeni tumerudishiwa kwa siku moja, pamoja na amri yake.

Halafu kinafuata kipimo cha pili, nacho ni kusubiri. Simba hana ratiba. Unaweza kulipa kiingilio, ukaamka alfajiri, ukaumwa na ndorobo, na simba asionekane. Hapo ndipo utawasikia vijana wanalalamika: "Yaani tumeona swala tu!" Swala tu, jamani? Kiumbe aliyesimama pale, masikio yanacheza, tayari kuruka, na sisi tunasema "tu".

Wengi wanakwenda na orodha ya wale wakubwa watano: simba, tembo, nyati, chui na faru. Mnajua orodha hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa wawindaji. Hao ndio walikuwa hatari zaidi kuwawinda kwa miguu. Kwa hiyo ukienda kuwahesabu kama mabao, umebeba jicho la bunduki bila kujua, hata kama mkononi una simu tu.

Na simu hiyo nayo tuiseme. Kupiga picha si dhambi, piga. Lakini kuna kupiga picha ili ukumbuke, na kuna kupiga picha ili uwe nayo, uirushe, uhesabu waliopenda, ufute, uendelee. Hiyo ya pili ni kutwaa kwa njia nyingine. Umekaa nusu saa mbele ya viboko na hujawaona hata dakika mbili kwa macho yako mwenyewe.

Moyo ni mmoja

Kwa nini frateri anaongea habari za swala na viboko kwenye ukurasa wa sala? Kwa sababu Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 92, anatukumbusha kwamba moyo wetu ni mmoja: ukatili tunaouzoea kwa mnyama hauchelewi kujionyesha kwetu kwa watu. Sisi wa barabara ya pembe tunalijua hilo kwa historia, si kwa nadharia.

Basi tujiulize kwa ukweli. Kijana wa kiume, ukimwangalia binti wa kwaya, unaona nani? Unamwona mtu mwenye hofu zake, akili yake, mama yake anayemsubiri nyumbani, sala zake? Au unaona kipande tu, kama yule wa pembe? Na wewe binti, kaka akipita na gari au na cheo, unamwona yeye au unaona mfuko? Na wale tunaowatazama usiku kwenye simu, wakati hakuna anayetuona: picha ile ni ya mtu. Ana jina alilopewa kwenye ubatizo au kwa desturi za kwao. Jicho linalomla vile ni jicho la msafara.

Yupo mmoja aliyepitia mikono ya jicho hilo na habari yake inanipa matumaini. Adrian Atiman alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa mtumwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa huko Algeria, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Pale alikuwa tabibu na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Fikiria: mtu aliyeangaliwa kama bidhaa alitumia zaidi ya miaka 60 kuwaangalia wagonjwa mmoja mmoja, kwa majina yao. Hata hapa kwetu Kipalapala, miaka ya 1880, wamisionari walikuwa na kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Barabara ile ile iliyobeba dhambi, Mungu akaipitisha neema.

Tusiwasahau watu

Kuna hatari nyingine, ya kupenda wanyama na kuwasahau jirani. Katekisimu, kuanzia namba 2415, inatupa mizani: tunawajibika kuwatendea wanyama wema, lakini pendo linalomstahili binadamu hawapewi wanyama. Pori la Ugalla lilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi waliingia kwa vibali. Hifadhi ya taifa ina sheria kali zaidi, na kuna familia zilizozoea kuishi kwa mizinga na samaki wa huko. Ukipita pale ukifurahi, wakumbuke. Nunua asali yao, wasikilize. Wamewajua nyuki na miti ile kuliko sisi tunaokwenda siku moja.

Na tujiangalie nyumbani. Tumbaku yetu inakaushwa kwa kuni za miyombo, na mkaa tunaopikia unatoka huko huko. Siwahukumu wazazi wetu, tumbaku imetusomesha wengi. Nasema kizazi chetu kitaulizwa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa, alitangaza pale Arusha, Septemba 1961, kwamba wanyamapori wetu ni dhamana. Dhamana si mali. Mali unaitumia upendavyo. Dhamana utaitolea hesabu.

Ukienda, fanya haya

Kwanza, anzeni kwa sala ndani ya gari. Zaburi ya 104 inatosha, ina simba ndani yake.

Pili, mahali pamoja, mwombe mwongozaji azime injini, na simu zote ziwekwe mfukoni kwa dakika kumi. Msiseme neno. Tazameni tu.

Tatu, mwulize mwongozaji swali moja ambalo si "simba yuko wapi?" Mwulize ni kitu gani anakipenda porini ambacho wageni hawakioni.

Nne, jioni kila mmoja ataje kiumbe mmoja na amshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha ataje mtu mmoja ambaye amekuwa akimwangalia vibaya, amtaje moyoni, si kwa sauti, na aamue kesho atamwangaliaje. Kama inahitaji kitubio, padre yupo.

Jicho la Yesu

Marko anatuambia kwa maneno machache sana kwamba jangwani, siku arobaini, Yesu alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu. Hakuwinda, hakufuga. Alikuwa pamoja nao, basi. Shetani alimtaka atwae mkate, atwae utukufu, atwae falme, na yeye hakutwaa. Adamu wa kwanza alishindwa kwenye bustani iliyojaa. Adamu mpya alishinda kwenye nyika tupu.

Sura ya kumi, Marko huyo huyo anaeleza habari za mtu aliyemkimbilia Yesu, mtu ambaye Mathayo anatuambia alikuwa kijana. Yesu akamtazama, akampenda. Akamwambia ukweli. Yule kijana akaondoka kwa huzuni, na Yesu hakumshika mkono kumzuia. Alimtazama, akampenda, akamwacha huru. Hivyo ndivyo anavyokutazama wewe muda huu, na macho ya namna hiyo anaweza kukupa ukimwomba.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyekaa na wanyama jangwani bila kuwadhuru, tuponye macho yetu. Tufundishe kufurahia kisicho chetu, kumheshimu kila mtu tunayemwona, na kuitunza dhamana uliyotukabidhi. Wabariki wote wanaolinda mapori yetu na wote wanaoishi kando yake. Uwapumzishe kwa amani wote waliopita barabara hii wakiwa wamefungwa. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.