MKUBWA WA SKULI NA MGENI WAKE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, liko jambo ambalo twalisikia kila mwaka skuli zinapofunguliwa, kisha twalisahau hata mwaka mwengine. Nalo ni hali wanayoipata watoto wetu wanapoingia skuli za bweni kwa mara ya kwanza. Safari hii sikuweza kulisahau, kwani lilikuja mpaka mlangoni kwangu.

Baada ya sala ya Isha alinijia mama mmoja wa mtaa wetu, naye akilia. Mwanawe, kijana mpole ambaye mtaa mzima ulifurahi alipopata nafasi ya skuli, alikuwa amerudi nyumbani hata wiki tatu hazijatimia, na amesema harudi tena. Nikamwita kijana. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaeleza. Wakubwa wa bweni walimpa jina la "mono", kama wanavyoitwa wageni wote. Wakamtuma kuwafulia nguo na kuwachotea maji. Vyakula alivyotiliwa na mamake sandukuni vililiwa siku ya kwanza mbele ya macho yake. Na mara mbili ilimpita sala ya Alfajiri, kwa kuwa alikuwa mferejini akijaza ndoo za watu.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hapakuwa na Waislamu katika hao?" Akainamisha kichwa, kisha akataja jina. Lau ningaliweza ningalimzuia asilitaje. Ni mwanafunzi wa darsa yangu mwenyewe, yuko Kidato cha Nne, nimemsomesha tangu alifu, na Ramadhani ya mwaka jana alitusalisha tarawehe.

Alipokuja likizo fupi nikamwita naye. Hakukanusha. Alisema, "Sheikh, nami nilifanyiwa hivyo hivyo nilipoingia. Ndiyo desturi ya skuli. Tumewakuta wakubwa wetu wakifanya, nao waliwakuta wakubwa wao."

Ndugu zangu, neno hili si geni. Ni hoja ile ile ambayo Qur'ani, katika Suratul Baqara na Suratuz Zukhruf, imewashutumu nayo watu waliokataa uwongofu: walipoitwa kwenye haki walijibu kuwa wao wafuata waliyowakuta nayo baba zao. Sisi huisoma aya hiyo tukadhani yawahusu washirikina wa Makka peke yao. Lakini kila desturi ya dhulma, ikiwa ya arusini au ya matangani, ya sokoni au ya bwenini, husimama juu ya hoja hii moja. Desturi si dalili. Kitu hakiwi halali kwa kuwa kimezoeleka. Tangu Januari 2026 watoto wetu waingia sekondari ya juu katika Gredi ya 10, pahala pa Kidato cha Kwanza tulichokizoea. Jina la darasa limebadilika, na desturi mbovu imeamka siku hiyo hiyo mapema kuwangoja wageni langoni.

Ama neno la pili, la kuwa "nami nilifanyiwa", jawabu yake imo katika sura ambayo kila mtoto wa chuo aihifadhi. Katika Suratudh Dhuha Mwenyezi Mungu amkumbusha Mtume wake kuwa alimkuta yatima akampa makazi, na alimkuta mhitaji akamtosheleza. Kisha baada ya ukumbusho huo yaja maamrisho: yatima asionewe, wala mwenye kuomba asikaripiwe. Tazameni mpango wa maneno. Yule aliyeonja uchungu ndiye anayeamrishwa kwanza kuwa mpole, kwani yeye aujua. Ewe kijana uliyelia usiku wa kwanza ukauficha uso katika shuka, machozi yale ni elimu uliyopewa. Wajua mgeni ataka nini, maana wewe nawe ulikitaka ukakikosa.

Na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alipata kuwapokea vijana wageni. Malik bin Huwayrith, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, amesimulia kuwa walimwendea Mtume Madina, nao ni vijana wa umri unaokaribiana, wakakaa kwake siku 20. Asema kuwa Mtume alikuwa mpole na mwenye huruma. Alipoona kuwa wamewatamani watu wao, aliwauliza waliowaacha nyumbani, akawapa rukhsa warudi, wakawafundishe, na wakati wa sala mmoja wao aadhini na mkubwa wao awe imamu. Katika khabari hii mna mambo mawili. La kwanza ni kwamba Mtume wa Mwenyezi Mungu, pamoja na mizigo yote ya umma, aliuona upweke wa vijana kabla hawajausema. La pili ni kwamba alipomtaja mkubwa alimpa kazi: asimame mbele awasalishe wenziwe. Huo ndio ukubwa tuujuao katika dini yetu. Mkubwa ndiye mwenye kutangulia katika kheri. Na asiyemhurumia mdogo, Mtume amesema kuwa huyo si katika sisi.

Tena walipofika Muhajirina Madina katika mwaka 622, wameacha mali na majumba, Mtume aliwaunga udugu na Ansari, mtu kwa mtu. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Saad bin Rabii. Saad alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko tu. Huo ndio msaada wa kweli: mwenyeji awe tayari kutoa, na mgeni aonyeshwe njia asimame kwa miguu yake. Udugu ule haukuwa wa maneno ya hadharani. Kila mgeni alikuwa na mtu wake anayemjua kwa jina.

Wala jambo hili si geni kwetu watu wa pwani. Katika vyuo vyetu vya zamani maalim mmoja alikuwa na watoto wengi, na hangaliweza kumsikiliza kila mmoja. Mtoto aliyefika mbele alimshikia mdogo ubao, akamrudisha herufi kwa herufi, na mwenyewe kwa kumsomesha mwenzake akazidi kuimarika. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Vipi basi mtoto aliyelelewa katika mila hii afike skuli ayatupe yote langoni?

Basi nawaambia vijana wetu wa Kidato cha Tatu na cha Nne, wanaume kwa wanawake: kila mmoja na ajichagulie mgeni mmoja, Muislamu au asiyekuwa Muislamu, kwani haki ya jirani haiulizi dini. Mpokee siku ya kwanza umsaidie kubeba sanduku na godoro. Muulize jina lake, umwite kwalo, wala usimwite "mono", kwani katika Suratul Hujurat tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Muonyeshe pa kutawadha, upande wa kibla, maana ya kila kengele, na mwalimu wa kuendewa mtu akiugua. Kaa naye jioni moja kwa wiki umueleze hesabu uliyoifahamu na namna ya kuupanga wakati. Chakula chake na fedha zake ni amana mbele ya macho yako. Wala usimtume kazi zako kuwa ndiyo malipo, maana hapo utakuwa umemfungulia mlango kwa mkono mmoja na kuufunga kwa wa pili.

Na ukiona mdogo apigwa au aharibiwa, au asema maneno ya kukata tamaa na maisha, usilibebe peke yako. Mpelekee mwalimu au mzazi siku hiyo hiyo. Watu watakwambia kuwa ni fitina na kutoa siri. La! Mtume ametuamrisha tumnusuru ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, na akabainisha kuwa kumnusuru mwenye kudhulumu ni kumzuia na dhulma yake. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, imekataza mwanafunzi kutendewa ukatili na udhalilishaji, wa mwili au wa nafsi.

Wako wazazi wasemao, "Mwachieni, atakomaa." Hao nawaambia: kijana hukomazwa na saumu, na kuamka Alfajiri, na kuhifadhi, na kufanya kazi ya halali kwa jasho lake. Kudhalilishwa humfundisha mtu kungoja zamu yake ya kudhalilisha.

Wala lawama si ya vijana peke yao. Nilimuuliza mwanafunzi wangu kwa nini hakunikumbuka mimi na darsa yetu alipokuwa akimtuma mwenzake. Akanijibu kwa adabu, "Sheikh, darsani tulisoma hukumu za maji. Hatukusoma habari za anayetumwa kuyachota." Jawabu hii imeniingia moyoni. Nimewafundisha maji yanayofaa kutawadhia, nisiwafundishe kuwa udhu wa mkubwa haukamiliki uzuri wake ikiwa maji yameletwa na mdogo anayetetemeka. Kuanzia likizo ijayo, inshallah, wiki ya mwisho kabla ya skuli kufunguliwa itakuwa ya darsa hii. Wakubwa na wageni watakaa kitako pamoja, na kila mkubwa atajulishwa mgeni wake mbele ya wazazi. Nawaomba maalimu wenzangu wa mitaa mingine wafanye vivyo, na watazame pia bakora zilizo mikononi mwao, kwani mtoto hujifunza ukubwa kwa aliye mkubwa wake.

Mwanafunzi wangu alikwenda nyumbani kwa yule mama akaomba msamaha, na akavilipa vile vyakula kwa fedha za matumizi yake mwenyewe. Likizo ilipokwisha walipanda gari moja kurudi skuli. Yule mdogo bado ni mkimya. Wahenga wamesema, mwenye kovu usidhani amepoa. Lakini kila Alfajiri, mamake ameniambia, kuna mtu humgusa bega kumuamsha wakaswali pamoja.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu walio mbali na majumba yao, watilie wakubwa wao huruma nyoyoni, na utusamehe sisi kwa tuliyoyanyamazia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.