Mlango wa Fedha na Mlango wa Bahati

Ipo sheria moja ya Marekani ya mwaka 1990 iliyofungua milango miwili kwa mpigo. Wa kwanza ni wa mwenye fedha, unaitwa EB-5: weka dola 1,000,000 katika biashara (au 500,000 tu, ikiwa ni shamba au mahali penye uhaba mkubwa wa kazi), ajiri watu 10, nawe na mkeo na watoto mpewe kadi ya ukaazi. Tangu Machi 2022 bei imepanda, ni 1,050,000 na 800,000. Mlango wa pili tunaujua sote huku uswahilini: bahati nasibu ya green card.

Kaka yangu ni mwashi. Fomu ile ameijaza mara saba. Mwaka mmoja jina likatoka, jamani, mtaa mzima ukajua! Mama akauza mbuzi wawili, pasipoti ikapatikana. Kumbe kuchaguliwa si kupewa. Wanaochaguliwa ni wengi kuliko viza zilizopo, na tarehe 30 Septemba hesabu inafungwa. Namba yake ilikuwa kubwa, haikufikiwa. Usiku ule alikula ugali wake, akalala.

Hasira yangu ikawaangukia matajiri. Nikasema hii ni rushwa iliyovaa suti. Lakini rushwa hulipwa gizani. Hii bei imebandikwa ukutani na risiti inatolewa. Tena tuseme ukweli, kaka alistahili kwa lipi? Kompyuta ilichota jina lake kama mtu anavyochota karanga. Bahati haimjui fundi hodari wala fundi bomu. Mwenye fedha walau anadaiwa ajira 10. Nikaona haya kidogo.

Hata hivyo sikuridhika. Ile bei nafuu ilikusudiwa kuwafikia wasio na kazi. Wajanja wakachora ramani, na majengo ya fahari ya Hudson Yards, Manhattan, yakapata fedha za EB-5 kwa kuunganishwa na mitaa ya Harlem. Harlem ikatoa umaskini wake, jengo likasimama kwingine.

Kijijini kwetu mgeni akitaka kukaa hupeleka kitu kwa wazee. Sawa, hicho nacho ni malipo. Lakini hakimalizi neno. Ukitokea msiba asije kuchimba kaburi, hata awe na ng'ombe mia, ataitwa mgeni mpaka afe. Sasa tazama Ureno. Kuanzia 2012, mtu aliyenunua nyumba ya yuro 500,000 alipata ukaazi, na alitakiwa aonekane nchini wastani wa siku 7 kwa mwaka. Siku saba! Hiyo haitoshi hata kumaliza matanga mawili. Wenyeji wa Lisbon walilalamika sana kwamba kodi za nyumba zinawashinda, na mwaka 2023 njia ya kununua nyumba ikafutwa, ingawa ile ya mifuko ya uwekezaji ilibaki.

Kwa hiyo kinachoniuma si kwamba mtu analipa. Ni kwamba analipa ili asidaiwe tena: asimjue jirani, asiulizwe alikuwa wapi. Ujirani ni deni lisilokwisha, na huyu ananunua kukwisha kwake.

Nilipofika hapo kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe, nikijiona mtetezi wa wanyonge. Ndipo nikakumbuka kwamba nasi tunauza. Zanzibar, mgeni akinunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa, hupata kibali cha ukaazi. Na kaka yangu yuko huko huko, anapiga lipu kwenye jengo la namna hiyo, analipwa kila Jumamosi. Mama amenunua mbuzi mwingine.

Nikampigia simu kumweleza hoja yangu yote. Alisikiliza kwa utulivu, nyuma yake mashine ya zege inanguruma.

"Sasa mdogo wangu," akasema, "unataka niteremke jukwaani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia salio linakwisha.