Fungu la Wasiozaliwa katika Maji ya Merti
Katika sheria ya Kiislamu, watu ni washirika katika maji. Aliyechimba kisima hutangulia kukidhi haja yake, lakini ziada hana ruhusa ya kumnyima mwenye kiu wala mifugo yake. Kisimani Garissa au Wajir hukumu hii huonekana kwa macho: mtungi wa mgeni hujazwa, ngamia wake wakingoja zamu kwenye hori.

Ugumu huja pale mdai fungu bado hajazaliwa. Mji wa Garissa hunywa Mto Tana, unaojazwa upya na mvua za nyanda za juu. Mbali na mto tegemeo ni hifadhi ya chini ya ardhi ya Merti, itokayo Isiolo kupitia Habaswein na Dadaab hadi Somalia. Maji yake mengi ni ya kale, akiba ya maelfu ya miaka. Kandoni yana chumvi, na pampu zikizidi chumvi hiyo yaweza kusogea. Wakimbizi wa Dadaab wameyategemea tangu 1991.

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi, ibara ya 43. Ibara ya 42 inataka mazingira yalindwe kwa vizazi vijavyo pia. Fikihi ina kipimo bora zaidi, nacho ni wakfu: manufaa hutumika, asili hubaki. Ila maji ya kale yakinywewa, asili yenyewe hupungua. Kwa hiyo yatumike kwa mpangilio: kiu ya leo hutangulia, ya watu kisha ya mifugo. Kilimo cha umwagiliaji kingoje, na kina cha maji ya kila kisima kipimwe kabla ya kingine kuchimbwa.