Gari Lililokosa Nguvu Mlimani

Wazee wa kanisa wanapokutana kuzungumzia fedha, ni mara chache wanaitaja amri ya nane. Mwaka ule tulilazimika kuitaja, tena kwa sababu ya gari.

Usharika wetu ulikuwa na Peugeot 504 la kabureta, tuliloachiwa na Mkristo mmoja aliyestaafu. Vijana walilipenda kwa sababu magari ya aina hiyo yalishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Sisi lilitupeleka mitaani kuhubiri. Hapa Mbeya mjini lilitembea vizuri. Likianza kupanda barabara ya Chunya, lilimisi, likakosa nguvu, likazima. Dereva akisubiri dakika kumi linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Gerejini halikuonyesha kasoro yoyote.

Tukatazama daftari la mafuta. Matumizi yalikuwa yamepanda. Mmoja wetu akasema dereva ananyonya petroli na kujazia mafuta ya taa, na maneno hayo yakatuingia akilini. Hatukumwita. Tulimwandikia barua ya kumwachisha kazi, na wiki hiyo hiyo tukabadilisha plagi na platinamu. Dereva mpya akaendesha siku kumi bila tatizo. Tulimshukuru Mungu, tena kwa sauti.

Siku zile kumi ndizo zinazotusumbua mpaka leo. Dereva mpya alikuwa hajatoka mjini. Siku ya kumi na moja alipanda mlima, gari likazima palepale.

Ndipo tukampata fundi mmoja wa Mwanjelwa. Kwanza alituuliza kwa nini tulibadilisha vitu vingi kwa mara moja, maana gari likipona hujui limeponywa na kipi. (Hakujua kwamba tulibadilisha na mtu.) Tukamwambia huenda ni hewa nyepesi ya huku juu. Akasema hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini muda wote. Haiji na kuondoka. Kisha akakataa kulitazama likiwa limesimama. Alipanda nasi, akafunga mpira kutoka kwenye dumu la lita 5 hadi kwenye pampu, ili injini isinywe kutoka kwenye tangi. Tulipanda mpaka juu bila kumisi. Akarudisha mpira wa tangi, gari likazima kwenye kona ya tatu.

Tangi liliposhushwa lilitoa magamba ya kutu. Injini ikivuta mafuta kwa nguvu mlimani, gamba hunyonywa na kuziba mdomo wa bomba. Ikizimwa, gamba huanguka chini na njia hufunguka. Na yale matumizi? Dereva wetu alikuwa akipanda kwa gia ya kwanza, choki ameivuta, ili watumishi wafike ibadani.

Wapo wanaosema mchungaji hapaswi kumshuku mtu. Hatukubaliani nao. Mali ya kanisa ni sadaka za wajane, na daftari lililopanda lazima liulizwe. Kosa letu ni kwamba tulipopata jina la mtu tuliacha kutafuta. Nikodemo aliwauliza wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia (Yohana 7), na sisi tulikuwa tumelihubiri somo hilo. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, haishii kutukataza uongo juu ya jirani: anatutaka tumtetee na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto wa kipaimara wanaikariri kwetu kila mwaka.

Tulikwenda nyumbani kwake Mbalizi, tukamweleza habari ya kutu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza lilikuwa gamba la ukubwa gani. Kisha akasema, “Baba Mchungaji, barua yangu ilisomwa wapi?”

“Kwenye baraza la wazee.”

“Na hapa sokoni aliisoma nani?”

Jumapili iliyofuata tulisoma barua ya pili, kanisani, baada ya matangazo. Siku ya soko tulipanda daladala, mchungaji na wazee wawili, tukarudi Mbalizi. Mama wa kwanza tuliyezungumza naye, muuza viazi, alisema habari za dereva mwizi alikwisha kuzisikia, ila hakujua kwamba zilitoka kanisani.